Baiskeli zapita bure shambani, fedha zabaki kijijini

KUSINI mwa Uingereza, kati ya mji wa Winchester na mji wa pwani wa Eastbourne, kuna njia ya vumbi jeupe yenye urefu wa kilometa 160 inayopita juu ya mgongo wa vilima, katikati ya mashamba ya ngano, shayiri na malisho ya kondoo. Njia hiyo, inayojulikana kama South Downs Way, haina geti la kulipia. Mwenye baiskeli hupita saa yoyote bila kutoa hata senti moja, na mkulima ambaye shamba lake limekatwa na njia hiyo hana ruhusa ya kumzuia.

Kwa mkulima wa huku, aliyezoea kugombana na watu wanaokatiza shambani kwake, jambo hilo linaweza kuonekana kama maonevu. Wapo wakulima wa Uingereza pia wanaoliona hivyo. Lakini kandokando ya njia hiyo isiyo na mapato yenyewe zimeota biashara ndogo ndogo nyingi: chai na keki, mayai, soseji, mahali pa kupiga hema, kitanda ndani ya banda lililokuwa la ng'ombe, na fundi wa kuziba pancha. Mwaka 2001 njia za namna hiyo zilipofungwa ghafla nchi nzima, ndipo wengi walipojua ni nani hasa aliyekuwa akiwaletea riziki.

Vilima visivyotisha

Mtu wa Lushoto au Mbeya akipelekwa South Downs atauliza milima iko wapi. Kilima kirefu kuliko vyote karibu na njia hiyo, Butser Hill, kina meta 270 tu kutoka usawa wa bahari, na Ditchling Beacon, kilima maarufu sana kwa waendesha baiskeli wanaotoka London, kina meta 248. Hata jina huwachanganya wageni. Neno 'downs' linasikika kama la kushuka, kumbe limetokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya kilima.

Hata hivyo, asidanganyike mtu. Mito ya Arun, Adur, Ouse na Cuckmere imekata vilima hivyo vipande vipande ikielekea baharini, na kila mto una maana ya kushuka hadi karibu na usawa wa bahari kisha kuanza kupanda upya. Anayemaliza kilometa zote 160 huwa amepanda jumla ya zaidi ya meta 3,500, yaani zaidi ya nusu ya urefu wa Mlima Kilimanjaro, bila kuona mlima hata mmoja. Wenye nguvu humaliza kwa siku moja ndefu ya kiangazi, lakini wengi hutumia siku mbili hadi nne. Hapo ndipo suala la kula na kulala linapoingia.

Udongo wenyewe ni chaki. Mvua ikinyesha maji huzama haraka, hivyo njia hukauka mapema kuliko zile za udongo wa mfinyanzi zilizoko mabondeni. Tatizo ni siku yenyewe ya mvua, kwani chaki iliyolowa huteleza kama sabuni. Ndani ya chaki hiyo mna mawe ya gumegume yanayopasuka na kuwa na makali kama ya wembe, na tairi nyingi huishia hapo. Baiskeli zinazotumika si za Phoenix wala zile za kubebea mkaa na ndizi. Zina tairi nene zenye meno, gia nyingi, breki za diski na springi za mbele za kupunguza mtikisiko. Hata hivyo mwendeshaji asiyebeba pampu, viraka na tyubu ya akiba anaweza kujikuta akitembea kwa miguu kilometa kumi akitafuta fundi.

Njia hizi hazikuchongwa kwa ajili ya baiskeli. Kwa karne nyingi wafugaji walizipitisha juu ya vilima, ambako ardhi ilikuwa kavu, wakiswaga makundi ya kondoo kwenda minadani katika sehemu kama Findon na Lewes. Kondoo wa Southdown, aliyeboreshwa na mkulima John Ellman katika kijiji cha Glynde mwishoni mwa karne ya 18, alitoka kwenye vilima hivi na baadaye kupelekwa hadi New Zealand, alikochangia sana kujenga biashara ya nyama ya mwanakondoo. Majani mafupi yanayowafurahisha waendesha baiskeli leo ni kazi ya meno ya kondoo hao na wenzao. Pale ambapo hakuna mnyama wa kulisha, vichaka huifunika njia katika miaka michache tu.

Sheria inambana mkulima

Katika England na Wales ardhi ni ya mwenye shamba, lakini haki ya kupita juu ya njia iliyoandikishwa ni ya umma. Sheria ya mwaka 1949 iliyoanzisha hifadhi za taifa ndiyo iliyozitaka halmashauri kuchora ramani rasmi za njia hizo, na njia ikishaingia kwenye ramani hiyo haitoki kirahisi hata shamba likiuzwa mara kumi.

Awali waendesha baiskeli hawakuwa na nafasi katika mpango huo. Njia zilikuwa za waenda kwa miguu na za wapanda farasi. Mwaka 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Vijijini, ambayo kifungu chake cha 30 kiliwaruhusu wenye baiskeli kutumia njia za farasi kwa sharti moja: wawapishe waenda kwa miguu na wapanda farasi. Kifungu hichohicho kilieleza kuwa halmashauri hailazimiki kuitengeneza njia ili iifae baiskeli. Ukikuta tope, ni lako. Miaka minne baadaye, mwaka 1972, South Downs Way ilifunguliwa ikiwa njia ya kwanza ya taifa ya masafa marefu nchini humo iliyoruhusu farasi na baiskeli. Wakati huo haikufika Winchester. Kipande hicho kiliongezwa baadaye.

Kutofautisha njia si kazi ngumu kwa anayejua rangi. Mshale wa njano kwenye nguzo una maana ya njia ya miguu tu, na baiskeli haina haki hapo. Mshale wa bluu ni njia ya farasi, hivyo baiskeli ruksa. Zambarau na nyekundu ni barabara za kale za vijijini, ambazo baiskeli nazo hupita. Katika ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani lililoanzishwa mwaka 1791, njia hizo zimechorwa moja moja, na mwendeshaji makini haondoki nyumbani bila kuziangalia. Kwa jumla, wenye baiskeli wana haki katika takriban asilimia 22 tu ya njia zote za umma za England. Anayeingia na baiskeli njia ya miguu kwa kawaida hatendi kosa la jinai. Ni mgogoro wa madai kati yake na mwenye ardhi.

Ugumu unaanza kwa mkulima mwenyewe. Njia ya farasi ikipita pembeni mwa shamba, haruhusiwi kuilima kabisa. Ikipita katikati anaweza kuilima pale ambapo hana namna nyingine, lakini sheria inampa siku 14 tangu jembe la kwanza lilipogusa njia awe ameisawazisha na kuionyesha upya. Akirudi na haro au mashine ya kupandia, ana saa 24 tu. Upana usipungue meta mbili katikati ya shamba na meta tatu pembeni. Ngano ikiota juu ya njia, ni juu yake kuiondoa. Mageti ni mali yake na matengenezo ni yake, ingawa anaweza kudai angalau robo ya gharama kutoka halmashauri. Udongo wa juu wa njia yenyewe huangaliwa na halmashauri.

Mifugo nayo ina kanuni zake. Fahali wa aina za maziwa aliyezidi umri wa miezi 10 haruhusiwi kuachwa kwenye uwanja unaokatwa na njia ya umma. Fahali wa nyama anaruhusiwa, mradi awe pamoja na majike. Wakulima wenyewe wanajua kuwa hatari kubwa zaidi si fahali bali ng'ombe mwenye ndama mchanga, hasa akimwona mbwa, na wengi huhamisha ng'ombe hao kwenye viwanja visivyo na njia.

Kule Uskoti mambo ni tofauti kabisa. Sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inamruhusu mwenye baiskeli kupita karibu popote ilimradi afanye hivyo kwa uwajibikaji na asiharibu mazao. Vyama vya waendesha baiskeli vya England vimekuwa vikidai sheria kama hiyo kwa miaka mingi, na vyama vya wakulima vimekuwa vikiipinga kwa miaka hiyohiyo.

Mwaka njia zilipofungwa

Februari 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uligunduliwa kwa nguruwe katika machinjio moja mkoani Essex. Wafugaji wa Afrika Mashariki wanaufahamu vizuri ugonjwa huo, lakini Uingereza, ambayo huuza nyama nje ikitegemea sifa ya kutokuwa nao, iliamua kuchinja. Hadi ulipodhibitiwa mwishoni mwa Septemba mwaka huo, mashamba na maeneo 2,026 yalikuwa yamethibitishwa kuambukizwa, na wanyama zaidi ya milioni sita walikuwa wameuawa.

Pamoja na kuchinja, halmashauri zilipewa uwezo wa kufunga njia za vijijini, na zikafunga karibu zote, hata katika maeneo ambayo hayakupata mnyama mgonjwa hata mmoja. Vibao vyekundu vya katazo viliwekwa kwenye mageti, na msimu wa Pasaka, ambao ndio mwanzo wa mavuno ya watalii, ukapita mashamba yakiwa kimya.

Hesabu zilipofanywa, serikali ilionekana kutumia zaidi ya pauni bilioni tatu na sekta binafsi kupoteza zaidi ya bilioni tano. Sehemu kubwa ya hasara hiyo ya sekta binafsi haikuwa ya wafugaji. Ilikuwa ya utalii na biashara zinazoutegemea. Mfugaji aliyechinjiwa kundi lake alilipwa fidia kwa bei ya soko, lakini mwenye mgahawa wa chai, mwenye nyumba ya wageni na mwenye kukodisha baiskeli hawakulipwa fidia ya namna hiyo. Kuna nyumba ambazo mume alikuwa mfugaji na mke alikuwa akipokea wageni wa kulala. Hizo ziliumia mara mbili na kulipwa mara moja.

Tangu hapo lugha ya serikali ilibadilika, na wizara ya kilimo yenyewe ikavunjwa mwaka huohuo na kuundwa mpya yenye neno 'vijijini' katika jina lake.

Fedha ziko tumboni

Mwendeshaji wa baiskeli hanunui njia, ananunua chakula. Mtu aliyepanda vilima saa tano hafikirii sana bei ya kipande cha keki, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo wafanyabiashara wa vijiji vya South Downs walilielewa. Migahawa ya chai, baa za vijijini na maduka ya mashamba yaliyo jirani na njia hutegemea sana wapitaji wa siku za Jumamosi na Jumapili. Shamba la Saddlescombe, mali ya National Trust, lipo kwenye njia yenyewe, na bomba la maji pale ni moja ya vituo vinavyoandikwa katika kila mwongozo wa safari. Juu ya chaki hakuna vijito, maji yote yamezama. Anayetoa maji bure hupata watu wanaosimama, na mtu akishasimama huangalia kilichopo mezani.

Njia nyingine ni ya kisanduku. Mkulima huweka meza barabarani yenye mayai, viazi, jamu au maboga, na kisanduku cha kutumbukizia fedha, bila muuzaji. Wizi upo, lakini gharama ya kumweka mtu hapo siku nzima ingekuwa kubwa kuliko mayai yanayopotea. Kwa mwendesha baiskeli mayai mabichi si bidhaa ya maana, kwa hiyo walio wajanja wameongeza biskuti, juisi ya tufaha na matunda ya kula papo hapo. Ni jambo dogo ambalo wafanyabiashara wengi hulisahau, kwamba mteja anayepita ana mfuko mmoja tu mgongoni.

Kulala ndiko kunakoacha fedha nyingi zaidi. Katika bonde la mto Ouse, jirani kabisa na stesheni ndogo ya treni ya Southease, shamba la zamani la Itford liligeuzwa na shirika la hosteli la YHA kuwa bweni la wasafiri lililofunguliwa mwaka 2013. Mabanda na ghala yakawa vyumba. Mbele zaidi, karibu na Alfriston, shamba la mizabibu la Rathfinny lilianza kupandwa baada ya wenyewe kuona kuwa chaki ya hapo inafanana na ile ya eneo la Champagne huko Ufaransa. Mabanda yake ya mawe yanayowalaza wavunaji wa zabibu wakati wa msimu hupokea wageni wa kulipa nyakati nyingine. Jengo moja linafanya kazi mbili.

Treni isisahaulike katika hesabu hiyo. Winchester na Eastbourne zote zina stesheni kubwa, na katikati kuna Amberley na Southease karibu na njia, ambapo mtu wa London anaweza kushuka na baiskeli yake asubuhi na kurudi jioni. Vijiji vilivyo mbali na reli hupata watu wachache, au hupata wale wanaokuja na magari na kuyaegesha ovyo mbele ya geti la trekta.

Kwa kweli mwenda kwa miguu ni mteja bora zaidi kuliko mwenye baiskeli kwa upande wa malazi. Yeye huitembea South Downs Way kwa siku nane au tisa, na kila usiku anahitaji kitanda na chakula cha jioni. Mwenye baiskeli hupita haraka. Anachozidi ni kula, kuharibikiwa na kuchafuka, na kila kimoja kati ya hivyo kina biashara yake. Hosi ya maji ya kuoshea baiskeli ni kitu cha bei ndogo, lakini mwenye nyumba ya wageni asiye nayo atajuta akiona matope kwenye zulia.

Duka la Peaslake

Kaskazini kidogo, katika vilima vya Surrey, kuna kijiji cha Peaslake ambacho waendesha baiskeli za milimani wa kusini mwa England wanakijua kuliko miji mingi mikubwa. Pembeni yake kuna Holmbury Hill na Leith Hill, kilima chenye meta 294 na mnara juu yake, na msitu wenye njia nyembamba zinazopinda katikati ya miti. Duka la kijiji hicho limepata umaarufu kwa bidhaa moja: vijiti vya unga vilivyookwa na jibini. Si kitu cha ajabu, mwokaji yeyote anaweza kuvitengeneza. Lakini viko pale, vya moto, mahali ambapo watu hukutana kabla na baada ya kuendesha, na jina la duka limeenea kwa midomo.

Msitu unaozunguka eneo hilo, Hurtwood, ni ardhi ya watu binafsi. Mwaka 1926 mwenye ardhi wa wakati huo, Reginald Bray, aliufungua kwa umma kwa hiari yake, na tangu hapo umekuwa ukiangaliwa na taasisi ya hisani inayoomba wageni wachangie. Hapa ndipo penye ugomvi wa kudumu. Wanaopita ni wengi, wanaochangia ni wachache, na wapo vijana wanaoingia na majembe usiku kuchimba njia mpya na kujenga matuta ya kurukia bila kumwuliza mtu. Mvua inapita katika njia hizo na kuzigeuza makorongo. Wenye duka wanauza, wenye msitu wanafukia mashimo, na wakazi wanakosa mahali pa kuegesha magari. Faida na hasara haziangukii mfuko mmoja, na pale ambapo hakuna utaratibu wa kuzikutanisha, kelele haziishi.

Ruzuku ikiondoka

Kwa miaka mingi mkulima wa England aliweza kumpuuza mwendesha baiskeli kwa sababu alikuwa na ruzuku ya Umoja wa Ulaya iliyolipwa kwa ukubwa wa ardhi. Mwaka 2020 malipo hayo yalikuwa takriban pauni 230 kwa hekta katika maeneo ya mabondeni, maana yake shamba la hekta 100 lilikuwa likipokea takriban pauni 23,000 kwa mwaka bila kujali limevuna nini. Baada ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, malipo yalianza kupunguzwa mwaka 2021, na mwaka 2023 ulikuwa wa mwisho kulipwa kwa hekta. Badala yake ikaja mipango ya kulipia kazi za mazingira, lakini hata huko hakukuwa na uhakika, kwani Machi 2025 mpango mkubwa kati ya hiyo ulifunga dirisha la maombi mapya bila kuwapa wakulima notisi ya maana.

Si ajabu basi kwamba takriban theluthi mbili ya mashamba ya England yana shughuli nyingine ya kuingiza kipato mbali na kilimo chenyewe. Inayoongoza ni kupangisha majengo. Wageni na maduka navyo vimo. Mkulima mpangaji, na wako wengi, hulazimika kwanza kupata kibali cha mwenye ardhi, na hapo baadhi ya mipango hufia. Kugeuza banda kuwa malazi kunahitaji kibali cha mipango miji, ambacho ndani ya hifadhi ya taifa kama South Downs, iliyoanzishwa mwaka 2010, hakitolewi kwa kubembelezwa.

Unafuu ulikuja upande wa mahema. Tangu Julai 2023 mwenye shamba England anaweza kuweka hadi mahema 50 kwa siku 60 katika mwaka bila kuomba kibali cha mipango, mradi aijulishe halmashauri tarehe zake na aweke vyoo na mahali pa taka. Baadhi ya maeneo nyeti hayaruhusiwi. Siku 60 ni kiangazi chote cha Julai na Agosti karibu, na mtaji ni uwanja uliokatwa majani, bomba na vyoo vya kukodi. Kwa mkulima mwenye njia ya farasi inayopita jirani, ni kati ya biashara za bei nafuu kuanzisha.

Kuna mtego mmoja ambao wanasheria huwaonya wenye mashamba kila mara. Mkulima akiwaachia watu kupita kwenye kipande ambacho si njia rasmi, na wakakitumia waziwazi kwa miaka 20 bila kukatazwa wala kuomba, sheria inaweza kuhesabu kuwa amekitoa kwa umma moja kwa moja. Ndiyo maana mwenye busara anayetaka kuwapitisha wateja wake kuelekea mgahawani huweka kibao kinachosema kuwa anaruhusu kwa hiari yake, na huwasilisha tamko na ramani halmashauri. Ukarimu usio na maandishi umewahi kuwagharimu watu ardhi.

Kuunganisha vipande

Kwa upande wa wanaotengeneza safari, kazi kubwa ya miaka ya karibuni imekuwa ya ramani kuliko ya katapila. Mwaka 2020 chama cha waendesha baiskeli cha Cycling UK, kilichoanzishwa mwaka 1878, kilizindua King Alfred's Way, mzunguko wa kilometa 350 unaoanzia na kuishia Winchester. Unapita karibu na mawe ya kale ya Stonehenge na Avebury, unafuata sehemu ya njia ya Ridgeway, unagusa Reading na Farnham, kisha unarudi kwa South Downs Way. Karibu kila kipande kilikuwepo tayari. Walichofanya ni kuviunganisha, kuvipa jina na kutoa ramani, na vijiji ambavyo havikuwahi kujiona kuwa vya utalii vikaanza kupata wageni wenye mabegi yaliyofungwa kwenye usukani. Mwaka 2022 ikafuata Rebellion Way ya Norfolk, mkoa usio na vilima vya maana, yenye kilometa 373, na Cantii Way ya Kent yenye zaidi ya kilometa 230.

Ridgeway inaonyesha ugumu wa kazi hiyo. Ina kilometa 139 kutoka Overton Hill hadi Ivinghoe Beacon, na inasemekana kutumiwa na wasafiri kwa takriban miaka 5,000. Nusu ya magharibi, inayopita jirani na mazizi ya farasi wa mashindano ya Lambourn, ni halali kwa baiskeli. Ukivuka mto Thames pale Goring, baadhi ya vipande hugeuka kuwa njia za miguu, na mwendeshaji analazimika kuzunguka kwa barabara. Mwenye baa upande wa magharibi ana wateja ambao mwenzake wa mashariki hawaoni, na tofauti iliyopo ni ya karatasi tu.

Msimu nao ni mfupi. Mwezi Juni jua huzama saa 3 na dakika 20 hivi usiku, na mtu anaweza kutoka kazini London, akapanda treni na kupata saa mbili za kuendesha. Mwezi Desemba giza huingia saa 10 jioni, matope hushika mnyororo, na migahawa mingi ya vijijini hufunga siku za katikati ya wiki. Anayepiga hesabu ya mapato ya Julai na kuizidisha kwa 12 atafilisika kabla ya Pasaka.

Kitu kilichoanza kusogeza mipaka hiyo ni baiskeli ya kusaidiwa na umeme. Sheria ya Uingereza inaihesabu kama baiskeli ya kawaida ikiwa mota yake haizidi wati 250 na msaada wake unakatika kwenye mwendo wa kilometa 25 kwa saa, na mwendeshaji awe ametimiza miaka 14. Haihitaji leseni, na inaruhusiwa kila mahali penye mshale wa bluu. Wastaafu waliokuwa wameacha vilima wamerudi. Migahawa iliyowawekea soketi ya kuchajia imepata mteja asiye na haraka ya Jumapili, anayekuja Jumanne wakati meza ziko tupu, na anayekaa hapo mpaka betri ijae.